Daftari Lisilokatwa Mstari

Kazi zangu mbili zote ni za daftari. Siku za juma mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Maua, kwenye kibanda kilicho upande wa barabara ya kwenda Laare. Jumapili mimi ni mweka hazina wa kina mama wa kanisa letu la Methodist. Daftari la kibandani lina namba za vitambulisho na sahihi za watu wenye haraka. La kanisani lina majina ya watu ambao nikiwasoma hadharani kwa madeni yao, siku yangu ikifika nitakosa wa kunibeba. Yote mawili yana mistari iliyokatwa kwa kalamu. Mama mmoja aliahidi elfu tano za mabati, mume wake akalazwa, kamati ikakaa, tukakata, hesabu ikafungwa.

Nataka kuzungumza juu ya pesa ambayo daftari lake halikatwi na mtu yeyote, na juu ya swali ambalo pesa hiyo imenirudishia. Ni swali la zamani. Nililipata katika darasa la ubatizo nikadhani nimelimaliza: sheria ikiwa kamilifu, haibagui, haihongeki, haina jamaa, je, inamtosha mwanadamu? Mtume Paulo alisema haimtoshi. Vijana wa Telegram wanaokuja kibandani kwangu wanasema inamtosha kabisa, na wana hoja ambazo sikuzisikia darasani.

Pesa hiyo ni sarafu za mtandaoni. Hazikuingia kwetu Igembe kwa mlango wa benki. Ziliingia na vijana, na vijana waliziendea soko la miraa lilipokauka. Uholanzi ilifunga mlango Januari 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, kisha Somalia ikazuia ndege zetu kuanzia Machi 2020 mpaka Julai 2022. Kijana aliyezoea kupakia magunia ili gari liwahi ndege Nairobi akabaki na simu na siku ndefu. Wengine walikuwa wakibonyeza Pi kila siku tangu 2019. Wengine mwaka 2024 walimgongagonga yule panya wa Hamster Kombat mpaka kidole kikaota sugu, na tokeni zilipogawiwa Septemba, niliowajua mimi walipata kitu kisichofika bei ya kilo moja ya miraa ya kangeta. Waliotaka sarafu yenye soko iliwabidi wawe na shilingi kwenye simu, na hapo ndipo walipokuja kwangu. Mtu ananipa noti, namwekea, anasogea hatua mbili pembeni, anamtumia mgeni fulani pesa kwenye soko la mtu kwa mtu, na mgeni anamwachilia sarafu ya Tether. Akitaka kutoa, ni safari ile ile ikirudi. Kwa hiyo mimi ni mlango, na anayeketi mlangoni huulizwa maswali.

Mengine nayajibu huku nikihesabu noti. Je, hii ndiyo chapa ya mnyama? Mwaka 2023 watu walipopanga foleni KICC jijini Nairobi wapigwe picha za mboni na mtambo wa Worldcoin, wapewe tokeni 25 zilizokaribia shilingi elfu saba, mzee mmoja alikuja amefungua Ufunuo sura ya 13. Nilimwambia Yohana alitaja mkono na kipaji cha uso, macho hakuyataja. Hakuridhika. Agosti mwaka huo waziri wa usalama wa ndani, Kithure Kindiki, jirani yetu wa Tharaka Nithi, alisimamisha zoezi lile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe, na mzee yule anaamini hadi leo kwamba ni maombi yake. Je, ni kamari? Ukinunua usichokijua kwa sababu jirani amevuna, umecheza kamari hata ukiwa umenunua mbuzi. Je, ni wizi? Ukiahidiwa faida ya kila siku, na faida nyingine kwa kila mtu utakayemleta, ondoka hapo kabla hujauliza ni sarafu gani.

Swali la mwenye Bitcoin ni nani linapendwa sana na wazee. Satoshi Nakamoto ni jina lililo juu ya karatasi ya kurasa tisa iliyotolewa tarehe 31 Oktoba 2008. Januari 2009 mtambo wa Bitcoin ukaanza kuzunguka, na baada ya miaka kama miwili mwenye jina akanyamaza, asijulikane ni mtu mmoja au ni kundi. Sisi Wameru tusijifanye kushangaa. Mugwe wetu wa kale, aliyewabariki watu na mifugo na mashamba, aliuficha mkono wake wa kushoto chini ya vazi, maana humo ndimo ilimokaa nguvu yake, na hakuna aliyethubutu kuutazama. Padri wa Consolata, Bernardo Bernardi, alimwandikia kitabu kizima kilichotoka 1959. Nguvu iliyofichwa, basi, si ngeni kwetu. Lakini Mugwe alificha mkono, nyumba hakuificha. Aliyepatwa na jambo alijua njia ya kwenda kwake, na akifika alijua anayeketi pale kazi yake ni kubariki. Kwa Satoshi hakuna njia, na ilikusudiwa isiwepo.

Hilo la kukusudiwa nililielewa siku mpwa wangu, anayesomea mambo ya kompyuta kwenye chuo kikuu kule Nchiru, aliponisomea ile karatasi, akitafsiri kipande kwa kipande huku mimi nikihudumia wateja. Nilishtukia mahali ambapo yeye alipita tu. Mapema kabisa, kabla ya hesabu zote, mwandishi analalamika kwamba mabenki hayawezi kukwepa kusuluhisha ugomvi wa wateja, kwamba usuluhishi huo una gharama, na kwamba mahali ambapo malipo yanaweza kurudishwa, watu hulazimika kuaminiana zaidi, na muuzaji huanza kumpekua mnunuzi kuliko inavyohitajika. Dawa anayoileta ni malipo yasiyorudi. Nilimwambia mpwa wangu asome tena. Kile ninachokiita huruma, kile ninachowahudumia watu nacho mchana kutwa, huyu bwana alikiona ndicho kidonda, akatengeneza pesa ya kukikausha.

Na ninakijua kidonda chenyewe. Mama anatuma karo ya mtoto kwa namba iliyokosewa tarakimu moja, anakuja kibandani midomo imekauka. Ninamwelekeza autume ujumbe wa muamala kwenda 456, na kama aliyepokea hajaitoa pesa, inashikiliwa, na mara nyingi inarudi. Nimeona watu wakilia kibandani kwa sababu pesa yao wenyewe imerudi. Lakini nimeona pia mtu akinunua simu kwa M-Pesa, akifika kwenye kona anaomba irudishwe kana kwamba alikosea. Mlango ni ule ule, aliyepita ni mwizi. Muuza simu aliyetendewa hivyo hataki mahubiri yangu juu ya neema. Anataka pesa ikiingia iwe imeingia. Satoshi angempata muumini pale bila kufungua kinywa.

Tena siku hizi, kabla hujathibitisha, jina la utakayempelekea linajitokeza. Wesley alifundisha juu ya neema itanguliayo, ile inayomfikia mtu kabla hajaomba wala hajajua kwamba anahitaji. Sidhani alikuwa na M-Pesa akilini. Hata hivyo kila mteja anaposema “ala, kumbe siye huyu” na kurudisha kidole nyuma, mimi humkumbuka Wesley.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa katika pesa ya namna hiyo, umweke mbele ya waleti. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa hesabu safi, alitaka kuhamisha Tether kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Tether ina jina moja lakini husafiri kwa njia nyingi. Anwani za mtandao wa Tron huanza na T, za Ethereum huanza na 0x, na kuna mitandao mingine ambayo anwani zake zinafanana na za Ethereum kama mapacha. Mwalimu alichagua njia yenye ada ndogo, kama ambavyo mwalimu yeyote angefanya. Anwani ikakubali, pesa ikaenda, ikafika mahali ambapo kampuni ya upande wa pili haipokelei. Waliandikiwa, wakajibu kwamba mtandao huo hawautumii. Mpwa wangu alitufungulia kwenye simu daftari la umma la miamala ya sarafu hiyo, kiasi kikaonekana, na saa, na dakika.

“Iko pale, Mwalimu. Haijapotea.”

“Kama iko pale,” Mwalimu akasema, “si uitoe?”

Mpwa wangu alieleza juu ya funguo, na alieleza vizuri, lakini mimi nilibaki kwenye lile swali. Kitu kiko pale, kila mtu duniani anakiona, kila mtu anakubali ni cha nani, na hakuna hata mmoja aliye tayari kusema “mpeni”. Kule Newport, Wales, James Howells anadai kwamba mwaka 2013 diski yake ilitupwa jalani ikiwa na ufunguo wa bitcoin karibu 8,000. Alipigania miaka mingi aruhusiwe kufukua taka, na Januari 2025 hakimu akaitupa kesi yake. Hata hakimu angemkubalia, angempa taka tu. Pesa hana mamlaka nayo.

Watu wa makanisa yetu hupenda kusema kwamba Torati ilikuwa ngumu. Mimi naisoma kama mweka hazina na naona kitu kingine. Kumbukumbu la Torati inaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Mambo ya Walawi inaagiza mwaka wa hamsini, mashamba yarudi kwa wenyewe. Sheria ile ngumu iliwekewa ndani yake tarehe ya kujikata yenyewe. Na Paulo alipotafuta namna ya kuwaeleza Wakolosai kilichotokea msalabani, alichukua lugha ya watu wa madeni: hati iliyotushitaki imefutwa, imeondolewa. Mtu akiniletea daftari ambalo sifa yake kuu ni kwamba halifutwi milele, mimi Mkristo nina haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla sijapiga makofi.

Mpwa wangu hunijibu kwamba nachanganya mambo. Asemavyo yeye, daftari halimkatazi mtu kusamehe. Mwenye kudai akisamehe, hatumi dai, basi. Na aliyepokea kimakosa anaweza kurudisha kwa hiari yake kwa muamala mpya. Ni kweli. Nimeikubali hoja hiyo na nimeiweka mahali pake. Lakini huo ni msamaha kati ya watu wawili wanaojuana. Kosa la Mwalimu halikuwa na mtu wa pili aliyetaka kulirekebisha. Alikosea mbele ya hesabu, na hesabu haina moyo wa kubadilika.

Ambacho sikukitegemea ni kile kilichofuata, ambacho nimekiona kwa watu wengi kiasi kwamba sasa nakitambua mtu akiwa bado barabarani. Mtu akinyimwa huruma mahali pa haki, haachi kuitafuta. Anaitafuta gizani. Mwalimu aliandika shida yake kwenye kundi la Telegram. Kabla chai haijapoa, mtu mwenye picha ya nembo ya kampuni, anayejiita admini, alimwandikia pembeni, kwa Kiswahili kizuri, akimpa pole. Akamwomba maneno 12 ya siri ya waleti yake “ili mfumo umtambue”. Maneno hayo hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na mpangilio wake ndio waleti yote. Aliyenayo ndiye mwenyewe, hakuna mwenyewe mwingine, hakuna kampuni ya kweli inayoyahitaji, na hakuna shida yoyote duniani inayotatuliwa kwa kumpa mtu maneno hayo. Niliyasema hayo nikipiga meza, na Mwalimu hakuyatoa. Lakini wiki iliyofuata alijitokeza mwingine, “mtaalamu wa kurejesha sarafu zilizopotea”. Huyu hakuomba maneno. Aliomba ada ndogo, kisha kodi, kisha ada ya kufungulia. Mwalimu alilipa zote tatu. Moyoni alijua, aliniambia baadaye, lakini yule mtu alikuwa akimwita Mwalimu, na alimwuliza kama amekula.

Ndiyo sababu sipendi watu wanapowacheka waliolizwa kwamba ni wajinga wa teknolojia. Mwalimu anajua anwani na mitandao kuliko mimi. Alichokikosa ni mtu wa kumlilia, na soko likamletea mtu.

Kauli kuu ya watu wa sarafu hizi ni kwamba usiamini, hakikisha. Na kila mtu awe benki yake mwenyewe. Mluteri angeitambua: kila muumini kuhani, kila mtu na Biblia yake, hakuna padri katikati. Ni kauli nzuri. Tatizo ni kwamba mgeni anayeingia hajui kuhakikisha. Anatakiwa ahakikishe msimbo wa kompyuta asioweza kuusoma, kwa lugha asiyoizungumza, usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Basi anafanya kile ambacho binadamu amefanya tangu zamani: anamtafuta mwenye sauti ya upole na kumwamini yeye. Ametoka kwa meneja wa benki, ambaye angalau ana ofisi na jina kifuani, amekwenda kwa admini asiye na uso. Hata hapa mlangoni, kwenye jambo dogo la kuuza Tether, kuhakikisha ni kazi ya kufundishwa. Mnunuzi anatuma ujumbe bandia wa M-Pesa wenye kila kitu isipokuwa pesa, na muuzaji anaachilia sarafu kwa kusoma ujumbe badala ya kuangalia salio. Au pesa inaingia kweli, lakini jina la aliyetuma si jina lililo kwenye soko, na baada ya siku mbili polisi wanapiga simu wakitafuta pesa ya mtu wa tatu. Hayo nayajua kwa sababu ninakaa pale. Mgeni anayajua kwa kulipa.

Sisi wa makanisa hatuna mikono safi ya kurushia jiwe. Wenye umri wangu tunakumbuka upatu wa 2006 na 2007, na tunakumbuka DECI, iliyopitia kwa wachungaji na kuita amana za watu mbegu. Ilivuka mpaka ikaingia Tanzania, serikali ikaizima 2009, na wachungaji wakasimama kizimbani Kisutu, Dar es Salaam. Kule Masaka, Uganda, mwaka 2019, kampuni iliyojiita Dunamiscoins, jina lililochukuliwa kutoka Kigiriki cha Agano Jipya, ilifungua ofisi, ikakusanya pesa za watu, kisha milango ikafungwa. Wesley alihubiri juu ya pesa akatoa amri tatu: kupata, kuweka, kutoa. Wahubiri wa mbegu husimama kwenye ya kwanza, wanaomba kiti, wanakaa.

Kisha kuna kisa cha Ethereum, ambacho kwa maoni yangu kila darasa la theolojia lingekisoma. Mwaka 2016 watu waliweka pamoja mfuko ulioitwa The DAO, wenye thamani ya dola kama milioni 150, ukiendeshwa na msimbo peke yake, bila meneja. Msimbo ndio sheria, walisema. Juni mtu mmoja akagundua tundu ndani ya msimbo, akachota ether milioni 3.6. Aliitumia sheria kama ilivyoandikwa. Hakuvunja kitu. Basi nyumba ikagawanyika. Upande mmoja ukasema sheria ni sheria, hata ikituumiza, la sivyo sisi ni benki nyingine tu. Upande mwingine ukasema huu ni wizi na kila mtu anajua ni wizi. Tarehe 20 Julai walio wengi wakabadilisha daftari, pesa ikarudi kwa wenyewe. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, na lipo hadi leo, linaitwa Ethereum Classic.

Hapo ndipo nilipoacha wateja wakangoja. Kumbe mstari unaweza kukatwa! Watu wale wale walioapa kwamba hakuna mkono juu ya daftari, walipoumizwa wao, na kwa kiasi hicho, wakautafuta mkono wakauona. Siwalaumu kwa kusamehe; ningefanya vivyo hivyo, na kama ningekuwa na kura ningepiga upande wa waliorudisha. Ila nilifikiri juu ya Mwalimu, ambaye kwa ajili ya Tether yake hakuna atakayegawanya nyumba. Neema ilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuwa tu na kima cha chini.

Mpwa wangu hapa huwa hanyamazi. “Shangazi, anayeweza kukurudishia ndiye anayeweza kukunyang'anya.” Naye ana mifano ya nyumbani. Mwaka 2013, kule mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walitengeneza vocha yao ya kukopeshana, Bangla-Pesa, ili siku za ukame wa shilingi muuza mboga na fundi wa viatu waendelee kuhudumiana. Will Ruddick, aliyewasaidia kuianzisha, na wenzake walikamatwa, wakashitakiwa kwa pesa bandia, na mashitaka yakaondolewa miezi michache baadaye. Kisha ananikumbusha shilingi yenyewe, iliyoporomoka mpaka dola moja ikapita shilingi 160 Januari 2024, bila mtu yeyote kuniomba ruhusa ya kuchota kwenye akiba yangu. Huruma inahitaji bwana, na bwana ana siku zake mbaya. Hilo siwezi kulipinga. Hata Torati ilipoagiza mwaka wa kuachilia, ilibidi iwaonye matajiri wasigome kukopesha mwaka wa saba unapokaribia.

Lakini namrudishia na yangu. Mt. Gox ilipoanguka kule Tokyo mwaka 2014, ni nani aliyewakusanyia wenye kudai kilichobaki? Mahakama ya Japani, kwa polepole ya kutia uchungu, na malipo kwa bitcoin yakaanza Julai 2024. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa onyo Desemba 2015 kwamba soko la sarafu hizi likifilisika hakuna kinga kwa mteja. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, Rais Ruto alitia sahihi sheria inayowaweka watoa huduma wake chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo haiwezi kuigusa waleti ya Mwalimu. Inaweza kumpa kampuni ya kushitaki na mlango wa kubisha, ambao ndio aliuhitaji.

Jirani yangu wa kibanda cha pili, Mwislamu, anayepokea pesa za miraa kutoka Eastleigh kwa hawala, hutusikiliza akicheka. Kwao mjadala ni mwingine, wa gharar, biashara yenye mashaka ndani yake. Mufti wa Misri aliharamisha Bitcoin Januari 2018, na wanazuoni wengine wakamkatalia. Yeye hajali sana. Anasema pesa yake haina karatasi wala daftari la umma, ina mtu anayemjua na mtu anayemjua huyo, na mtu akikosea wanakaa. Hata sisi tuna kukaa kwetu: ile Nchiru anayosoma mpwa wangu ndiyo pia makao ya Njuri Ncheke, wazee wa baraza letu Wameru, ambao mbele yao mwenye kosa hutozwa fahali, na fahali huliwa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kama hukumu yao inarudishwa au hairudishwi. Wanauliza itaanza saa ngapi.

Nayasema haya yote kwa sababu swali sasa limeingia ndani ya kamati yetu. Mshirika wetu aliye Marekani ameahidi sadaka ya jengo na anataka kuituma kwa Bitcoin, maana ada za njia nyingine zinamla. Mpwa wangu alialikwa aeleze. Alileta mpango wa funguo tatu ambazo mbili zikikubaliana ndipo pesa inatoka, ili mmoja akipoteza yake, au akirukwa na akili, wawili wamwokoe. Niliupenda. Ni sheria iliyoachiwa pengo la ukubwa wa watu. Ikishatumwa bado hairudi, hilo halikubadilika, na alilisema wazi.

Nusu saa nzima ilikwenda kwenye nani ashike funguo. Mwenyekiti alijitaja mwenyewe. Mama mmoja mkongwe akauliza mwenye ufunguo akifa, maneno yake yatafunguliwa kabla ya mazishi au baada, na kwa kibali cha nani. Mtu akapendekeza yaandikwe nyuma ya Biblia, akapingwa na wote, kwa kuwa Biblia huazimwa. Kisha katibu akauliza lililotushinda: mchungaji akipewa ufunguo, na Konferensi ikamhamisha kama ilivyo desturi yetu Wamethodisti, ufunguo unahamishwa naye au unabaki Maua? Mpwa wangu alisema unatengenezwa mwingine na pesa inahamishiwa kwenye waleti mpya. Tumekubaliana tujaribu kwanza kwa shilingi elfu moja, iende na irudi, sote tukitazama anwani herufi kwa herufi. Ada ya kutuma itatoka kwenye mfuko wa chai, na mwenyekiti ameshaanza kulalamika.